Bwana Mgongo Ukutani kwa Mjomba

London, 14 Novemba 1791

Mjomba wangu mpenzi,

Nakusalimu wewe, namsalimu mkeo Mama Damaris, nawasalimu paka wote wawili, na huyo mteja aliyekaa kwenye kiti chako sasa hivi akisubiri umalize kusoma huku sabuni ikimkaukia mashavuni. Mimi mzima. Kikohozi kimeondoka bila kuaga. Jibini mliyonitumia nimeila peke yangu mpaka ganda, maana mjane Lacock, mwenye duka letu la picha, ana pua kali na niliogopa ataiomba.

Sasa keti, kama hujaketi. Unakumbuka niliwahi kukuandikia kwamba kila picha inayochongwa hapa dukani hutoka na jina la marehemu Bwana Lacock chini yake? Ni miaka sita tangu azikwe, na bado anachonga! Mwaka huu peke yake marehemu amechonga maaskofu wanne, farasi mmoja wa mashindano, na mwimbaji wa kike ambaye alikuwa hata hajaja mjini marehemu alipokata roho. Sisi tunaokaa dirishani tukiumiza macho juu ya mabamba ya shaba yanayochapa picha hizo hatujulikani na mtu. Watu husema kufa kufaana, lakini huyu amekufa akajifaa mwenyewe.

Basi juzi mjane aliniita jikoni, akanimiminia chai kwa mkono wake, nikajua kuna jambo. Akasema, "Keziah, nina bamba kubwa, zuri, halijaguswa. Nataka mtu kamili, kuanzia wigi mpaka vifungo vya koti. Ukimaliza kabla ya Pasaka na kazi isiponitia aibu, jina litakalokaa chini ni lako. Si la marehemu. Lako."

Mjomba, nilimwaga chai yote. Jina langu! Keziah Tovey, chini ya picha, kwenye madirisha ya maduka, watu wakipita wakilisoma mvuani! Tangu siku ile nalala nikicheka.

Naona karatasi inakwisha. Ah, palikuwa na ombi dogo. Mtu mwenyewe ni mwanasiasa, mzaliwa wa Ireland, kichwa kilichojaa fikra, ambaye kitabu chake juu ya mapinduzi ya Wafaransa kimewafanya watu wa hapa wagombane hata kanisani. Picha zake za sasa, za uzee na miwani, zimejaa kila duka. Mjane anamtaka alivyokuwa zamani, alipokuwa Mbunge wa Bristol. Na picha nzuri kuliko zote za wakati ule najua inaning'inia wapi. Naomba uitoe ukutani unitumie niifuate katika kuchonga. Sitaji jina la mtu, maana nyumbani kwako ni mwiko. Lakini unanielewa.

Mpwa wako mtiifu, siku nyingi,
Keziah


Bristol, 3 Desemba 1791

Kwa Keziah, mtoto wa marehemu dada yangu,

Barua yako imefika ikiwa na tope la barabara nzima. Sisi hatujambo, isipokuwa mguu wangu wa kulia, ambao jongo limeupanda tena ukavimba kama mkate, na isipokuwa chai. Habari ya chai inasikitisha. Mama Damaris amejiunga na wale waliokataa sukari kwa ajili ya Waafrika wanaouzwa na kupigwa huko visiwani inakolimwa miwa yake. Sibishi. Ni haki. Ila nakunywa chai nikiwa nimefumba macho, na jirani yetu mwenye kiwanda cha sukari Mama Damaris hamsalimu tena, kwa hiyo nami simsalimu, na ndiye aliyekuwa akiniletea bata kila Krismasi.

Ama habari ya jina lako, mwanangu! Nilisoma kwa sauti dukani. Nilipofika pale pa "Keziah Tovey, chini ya picha", nikashindwa kuendelea, nikasingizia poda ya nywele imeniingia machoni. Watu wakapiga makofi. Palepale nikaapa mbele yao wote kwamba picha ya kwanza yenye jina lako nitaitundika humu dukani, uso wake ukielekea mlangoni, awe ni nani awe ni nani. Mzee Parfitt wa kanisa akauliza, "Hata akiwa Papa wa Roma?" Nikajibu hata akiwa Papa, mradi jina chini liwe Tovey. Wakashangilia tena.

Baadaye, watu walipokwisha kuondoka, nikasoma mwisho wa barua.

Kuhusu ombi lako, sikuona ombi lolote. Nadhani karatasi ilipata mafuta mahali pale. Vaa soksi nzito.

Mjomba wako,
Ambrose Pobjoy, mtengeneza mawigi


London, 19 Desemba 1791

Mjomba wangu mwenye macho hafifu,

Salamu nyingi za Krismasi. Pole kwa mguu, pole kwa chai, pole sana kwa bata. Mwambie Mama Damaris nami nimeacha sukari, na mjane Lacock ananung'unika kama wewe, ila yeye hukoroga asali akidhani sioni.

Kwa kuwa karatasi ile ilipata mafuta, nitaandika sasa kwa herufi kubwa: NAOMBA PICHA YA BWANA MGONGO.

Ndiyo, Bwana Mgongo. Ndilo jina nililompa nilipokuja kwenu nikiwa mtoto wa miaka saba, mama amekufa, sijui niangalie wapi. Ukutani mkabala na kioo kikubwa cha dukani palining'inia picha iliyogeuzwa, ikinionyesha ubao wa nyuma, misumari yake na utando wa buibui. Kila asubuhi ukifungua duka uliupiga ubao ule kwa kitana, pa! na kusema, "Amka, msaliti!" Kisha ukaanza kazi ukiwa na furaha kabisa. Mimi nilidhani kila kinyozi duniani hufanya hivyo. Mchoro wangu wa kwanza, Mjomba, ulikuwa mgongo ule, kwa mkaa, juu ya karatasi ya kufungia mawigi. Nimelelewa na mgongo wa mtu huyu na sijawahi kuuona uso wake hata siku moja!

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu linauma. Bamba nimelisugua mpaka linanionyesha pua yangu. Sina cha kuchonga. Pasaka ikifika bila kazi, marehemu atapewa bamba langu, nami nitarudi kuchonga masikio ya watu kwa jina lake.

Unaogopa nini? Ni karatasi tu, na yeye hawezi kutoka humo.

Keziah


Bristol, 22 Januari 1792

Keziah,

Salamu, na nyingine za Mama Damaris. Paka wa kijivu amezaa ndani ya wigi la jaji, wanne, wazima wote. Jaji hajaambiwa.

Umeniuliza naogopa nini. Mimi! Ambrose Pobjoy! Mwaka elfu moja mia saba sabini na nne nilipiga kelele kwa ajili ya mtu yule mpaka sauti ikaniishia wiki mbili. Nilimtia poda kichwani kwa mikono hii. Nikaning'iniza picha yake, na nilikuwa nikiwaambia wateja watazame paji lile, waone akili inavyojaa. Naye tulipokwisha kumchagua alifanya nini? Akasimama mbele yetu akatuambia waziwazi kwamba huko Bungeni atafuata akili yake, si yetu! Sasa akili yangu nimeilisha miaka yote hii ya nini? Akawapigania wafanyabiashara wa Ireland dhidi yetu, akawatetea Wakatoliki, na hatukumwona mjini mpaka kura zilipokaribia tena. Mwaka wa themanini tukamtupa, nami nikamgeuza. Nikaapa sitamwangalia usoni tena mpaka nife. Mama Damaris alisema mtu huyo alikuwa na haki kuliko mji mzima. Tulinyamaziana mwezi, tukapatana kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe.

Kwa hiyo siogopi. Nimechelewa kwa sababu ukuta una unyevu, msumari una kutu, na mguu unauma. Lakini usije ukasema mjomba wako ndiye aliyekunyima jina. Maji nimeyavulia nguo, nitayaoga. Jumamosi hii duka likiwa limejaa nitaitoa kwa mkono wangu, macho nimefumba, na Mama Damaris ataifunga.

Ajabu moja. Nilipotangaza hivyo mezani, Mama Damaris aliangusha mkate. Kisha akasema mguu wangu haufai kupanda kiti, akasema picha hiyo lazima imeliwa na wadudu, akasema ningoje, yeye ataitoa siku nisipokuwepo. Mwisho akanitilia asali katika chai, vijiko vitatu, bila kuombwa. Nimeishi naye miaka ishirini na sita, Keziah. Asali ile imenitia hofu.

Mjomba wako,
A. Pobjoy


London, 13 Februari 1792

Mjomba,

Salamu kwa kifupi, kwa maana nina wasiwasi. Jumamosi imepita na nyingine imepita. Picha haijafika, wala barua. Leo mwendesha gari la farasi la Bristol amenieleza kwamba duka lako lilifungwa siku kadhaa, na waliopita nje walikusikia ndani ukimwombea Mfalme maisha marefu kwa sauti kubwa, tena na tena, madirisha yakiwa wazi makusudi. Nilimwambia atakuwa amekosea duka. Akasema, "La, dada, ni yule mwenye mguu."

Kuna nini? Umekuwa mgonjwa? Niambie kweli.

Keziah


Bristol, 20 Februari 1792

Keziah mwanangu,

Salamu, na Mungu amweke Mfalme wetu, ampe afya, ampe usingizi mzuri. Naandika hivyo kwanza kwa sababu sijui nani hufungua barua za watu siku hizi.

Jumamosi ile duka lilijaa mpaka mlangoni. Mzee Parfitt alikuwa kitini, nimeshamnyoa shavu moja. Nikapanda kiti, nikafumba macho, nikaupiga ubao kwa kitana mara ya mwisho na kusema, "Amka, msaliti, unakwenda London kuchongwa!" Watu wakacheka. Nikaing'oa, nikaigeuza, nikaiinua juu ili kila mtu aone.

Kicheko kikakatika kama kamba.

Nikauliza, "Vipi? Ameliwa na wadudu?"

Kisha sauti ya Mzee Parfitt: "Pobjoy, fumbua macho."

"Siwezi, nimeapa."

"Fumbua macho, mtu wa Mungu. Huyu uliyemshika ni Mfalme."

Nikafumbua. Keziah, ni yeye! Mfalme wetu, na taji lake, na mashavu yake, akiniangalia kwa upole kabisa. Miaka kumi na mmoja! Kila asubuhi ya Mungu nimempiga Mfalme wa Uingereza kwa kitana na kumwita msaliti, mbele ya mashahidi, na baadhi yao ni mahakimu! Nikashuka nikavua wigi langu, nikapiga goti kwa ule mguu mbovu, na sikuweza kuinuka tena.

"Damaris!" nikaita.

Akatoka jikoni akijifuta mikono, mpole kama siku ya harusi. Akakiri yote: wiki ileile niliyoigeuza picha alisubiri mpaka nikalala, akamtoa yule Bwana kwenye fremu, akamweka Mfalme aliyemnunua gulioni. Na yule Bwana yuko wapi? Ndani ya kifuniko cha sanduku lake la mashuka, ambalo mwanamume hafungui. Kila siku ya kubadilisha shuka humsabahi.

Akasema mbele ya watu wote, "Ulidhani ningemwacha mtu mwenye akili kama yule apigwe kitana kila siku?"

"Na Mfalme je?"

"Mfalme ana jeshi."

Mzee Parfitt aliapa hatamwambia mtu, akatoka mbio na shavu moja lenye sabuni. Kabla ya chakula cha mchana mji mzima ulijua. Ndiyo maana nilifunga duka, na ndiyo maana ya zile sala. Mpaka leo hawajaja kunikamata. Hakimu mmoja alipita jana, nikadhani ndiyo saa yangu, kumbe alitaka kupigwa poda, na alipoketi akaanza kucheka mpaka wigi likamwangukia puani.

Picha inakuja na gari hilihili, imefungwa ndani ya gauni la kulalia la Mama Damaris. Mimi sikuitazama. Kiapo ni kiapo. Nimekuchelewesha, mwanangu, nami najua. Ikiwa jina litakupotea kwa ajili ya kichwa changu kigumu sitajisamehe. Chonga!

Mjomba wako, raia mwema,
Ambrose Pobjoy


London, 11 Aprili 1792

Mjomba wangu, na wewe Mama Damaris uliye shujaa wa nchi hii,

Salamu za Pasaka. Barua yako ya Mfalme niliisoma dukani, mjane akacheka mpaka akafunguliwa kamba za nguo apate pumzi. Wachongaji wenzangu sasa hupiga meza kila asubuhi na kusema, "Amka, msaliti!" Gauni la kulalia nitalirudisha, lina wino kidogo.

Nimemwona. Nilifungua lile furushi nikaketi chini sakafuni nimtazame. Bwana Mgongo ana uso! Ana nyusi za mtu aliyekatizwa maneno, ana mdomo unaokaribia kusema, na katika mkono wake wa kulia kashika karatasi. Nililia kidogo, sijui kwa nini, kisha nikaanza kazi kwa mbio, maana Pasaka ilikuwa mlangoni. Sikula vizuri, sikuzungumza na mtu. Uso ulitoka kwenye shaba kama uliokuwa ukingoja humo. Mjomba, sijawahi kuchonga hivyo!

Ijumaa Kuu tulitoa karatasi ya kwanza kwenye mashine. Mjane akaishika. Akatazama uso, akasema, "Loo." Akatazama chini zaidi, akasema "Loo" nyingine, ambayo haikuwa kama ile ya kwanza.

"Keziah, huyu mtu ameanza lini kutumia mkono wa kushoto?"

Nikatazama. Karatasi ilikuwa mkono wa kushoto. Na koti lake, mbunge mzima, mwanafalsafa, linafungwa vifungo upande wa wanawake.

Hili ni kosa la mtoto wa siku ya kwanza. Shaba ikibanwa juu ya karatasi, kila kitu hugeuka, cha kulia kikawa cha kushoto. Kwa hiyo mchongaji huweka picha anayoifuata mbele ya kioo, akachonga anachokiona kiooni, mashine ikakigeuza tena kikawa sawa. Kioo changu kilikuwa pale mezani. Nilikisogeza kando, Mjomba. Nimekua nikiutazama mgongo wake, na siku niliyompata nilitaka kumwona uso kwa uso, si kupitia kioo. Nikasahau kazi yangu. Haraka haraka haina baraka, na sikuwa na muda wa kuanza upya.

Nikajua jina limekwenda. Nikasema, "Mama, chukua patasi, andika jina la marehemu, yamekwisha."

Mjane akaniangalia kama niliyemtukana mumewe kaburini. "La marehemu? Mume wangu hakuwahi kumfunga mtu koti upande wa wanawake, hai wala mfu! Kosa hili huwezi kumtwika. Uso ni wako na vifungo ni vyako. Andika lako, tena kubwa, watu wajue si yeye!"

Mjomba, nikaliandika! Herufi nilizichonga kinyume, kama inavyotakiwa, nikizikagua kwenye kioo moja moja, na zimetoka zimenyooka. KEZIAH TOVEY, kubwa kuliko la mwenye uso. Nao watu wanaipenda picha. Wanagombana kama amesema kweli juu ya Wafaransa au hapana, na hakuna aliyehesabu vifungo.

Nakala yako ya kwanza iko ndani ya bomba la bati. Najua kiapo chako kimoja kinakutaka uitundike na kingine kinakukataza kumtazama. Sikuombi kitu. Hata ukimgeuza tena nitaelewa, ila safari hii hakikisha ni yeye.

Keziah, mchongaji


Bristol, 6 Mei 1792

Kwa Keziah Tovey, mchongaji, London,

Salamu kutoka kwa wote. Watoto wa paka wanatembea. Jaji ameambiwa. Mguu umepungua kidogo. Mfalme tumemweka kwenye fremu mpya juu ya mlango, nami humwinamia nikiingia na nikitoka.

Picha ilifika Jumanne ya wiki iliyopita. Mama Damaris aliitundika kwenye msumari wa zamani, uso nje, mlangoni moja kwa moja, kama nilivyoapa. Mimi nilikuwa nimeupa ukuta kisogo. Nikasema nitafanya kazi hivihivi, sitageuka, na viapo vyote viwili vitasimama. Mzee Parfitt akaketi kitini. Nikachukua wembe, nikainua macho kutazama kioo kikubwa ili nione shingo yake.

Naye alikuwa humo.

Keziah, ndani ya kioo yuko sawasawa! Karatasi mkono wa kulia, vifungo upande wa wanaume, hana kosa hata moja. Ni yule yule niliyempigia kelele. Wembe ulisimama hewani mpaka Mzee Parfitt akaanza kuomba. Kisha naye akamwona, akatoa hukumu kwamba kiapo kilisema usoni, na kioo si uso. Wateja wote wakakubali. Kwa hiyo wiki nzima nimefanya kazi naye akiniangalia begani, nami nikimjibu kiooni. Nimemweleza tena habari ya Ireland. Nimemwambia kuhusu akili yangu. Mama Damaris anasikiliza jikoni na kucheka kwa pua.

Nilikuwa nimetulia kabisa. Shida ilikuwa moja. Ndani ya kioo yeye yuko sawa, lakini chini yake jina lako limepinduka. Wateja wananiuliza, "Pobjoy, chini pale pameandikwa nini, Kigiriki?" Jina la mtoto niliyemfundisha kushika kitana haliwezi kusomwa Kigiriki dukani kwangu.

Jana asubuhi kabla ya watu kuja nikageuka. Nilikuwa nimepanga vizuri. Ningekwenda mpaka ukutani, nifunike uso wake kwa kiganja, nisome jina, nirudi. Lakini mkono mmoja ulikuwa umeshika fimbo kwa ajili ya mguu, na bila miwani siku hizi sioni hata sarafu mkononi, ikanibidi wa pili uishike miwani yangu isiyo na vishikio. Sikuwa na mkono wa kumfunika.

Nikasoma jina lako taratibu, lote. Nikalisoma tena. Kisha macho yakapanda yenyewe, na tukaangaliana.

Umemchonga vizuri, mwanangu. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa na macho ya mtu anayekusikiliza hata akikukatalia. Nililia, na safari hii hapakuwa na poda. Nikalitaja jina lake kwa sauti, miaka yote hiyo sijalitaja, na jikoni sufuria ikaanguka.

Leo nimefungua duka, mkono ukachukua kitana kwa mazoea, nikajikuta nimesimama mbele ya ukuta nimekiinua. Nimekirudisha mfukoni. Nimesema, "Umeamkaje, Keziah Tovey?" Nitasema hivyo kila siku nikifungua. Yule Bwana ananitazama kama anayetaka kuitikia, lakini nimemwambia asijisumbue, salamu si yake.

Mjomba wako,
Ambrose